Usimwambie Nesi

4 Februari

Kwako mke wangu wa kwanza,

Nianze na habari kubwa ili uache kushona: mjukuu wako sasa ndiye mtu anayejua dawa kuliko binadamu wote walio hai. Kati ya waliokufa wananizidi wawili tu, na hao ni kwa vile hawapo tushindane. Nikipita barabarani wagonjwa wanapona kabla sijawafikia. Imebidi niwe napita njia ya nyuma, madaktari wasije wakakosa kazi wakaanza kunichukia.

Haya, nimemaliza, sasa salamu. Hujambo Bibi? Miguu inasemaje? Cherehani yako bado inakohoa? Msalimie jirani yetu seremala, mwambie ule mlango wako wa nyuma namdai bawaba moja, sijasahau. Shangazi nilimwandikia huko alikoolewa, kimya. Ukipata habari zake nipe.

Sasa kazi. Nilikwambia nimepata kazi kwenye duka la dawa za mitishamba, lakini sikukwambia ukubwa wake. Mbele pana kaunta. Nyuma ya kaunta anakaa mwenye duka, tunamwita Mzee wa Mizani, maana mizani yake haiguswi na mtu. Hata nzi akitua anamtazama vibaya. Halafu kuna chumba cha nyuma chenye mashine ya kusagia, na hapo ndipo ufalme wangu ulipo. Kila gome, kila mbegu, kila jani linaloingia humu lazima lipite mikononi mwangu ndipo liitwe dawa. Fikiria mwenyewe: bila mimi wale wanauza kuni. Wenzangu wananiita Daktari. Niliwaambia waache, wakakataa.

Basi nilipopata barua yako kwamba sukari imekupanda tena na kliniki wamekupa vile vidonge vyeupe, nilikunja mikono ya shati. Nimekutengenezea unga wangu wa sukari. Nimeubuni mwenyewe, hauuzwi dukani, hata Mzee wa Mizani hana. Kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi, kimoja jioni. Ni mchungu kuliko maneno ya mkwe, lakini jikaze. Vidonge vyao endelea navyo, watu wamesoma miaka mingi, tusiwavunje moyo.

Kopo anakuletea dereva wa lori la mbao anayempelekea seremala mzigo. Mwangalie usoni akikukabidhi. Ukimwona ana afya sana, amekuibia.

Ni mimi, bwana harusi wako unayemkataa kila mwaka.


23 Februari

Kwako mume wangu mdogo mwenye mdomo mkubwa,

Barua yako imefika, na kopo limefika. Dereva alikuwa anakohoa, kwa hiyo nimemwondolea shaka. Mimi sijambo. Miguu inawaka jioni kama kawaida yake. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, ndiyo sababu yuko kimya. Hana hata mkono wa kushikia kalamu. Seremala anasema bawaba utaipata siku utakapokuja kuichukua wewe mwenyewe. Na mimi nasema hivyo hivyo.

Nimehamishia cherehani chumbani kwako. Nilijiambia ni kwa ajili ya mwanga. Nikichoka kushona naongea nayo, na inanijibu kwa adabu kukuzidi. Seremala hunihimiza nikupigie kwa simu yake, anasema ni dakika moja tu. Sitaki. Simu ikikatika inakuachia kimya sikioni. Barua naweza kuisoma tena.

Unga wako nimeuanza. Ni mchungu mpaka kwenye masikio. Lakini nimekunywa asubuhi na jioni kama ulivyosema, na kwa kweli naona mwili umekuwa mwepesi.

Sasa kuna jambo. Nilipokwenda kliniki, yule nesi mrefu anayeinama akipita mlangoni alisimama mbele ya benchi letu akauliza, "Nani hapa anatumia dawa za miti pamoja na vidonge vyetu? Semeni tu, sigombezi mtu." Mama mmoja akainua mkono. Akaitwa chumba cha ndani, akakaa huko muda mrefu. Sisi wengine tukabaki tunatazama viatu vyetu.

Mkono wangu ulitaka kupanda, nikaukalia. Nilijua nikisema nina mjukuu anayenitengenezea dawa, swali la pili litakuwa amesoma wapi. Na sikutaka mtu yeyote akuulize hivyo mbele za watu, hata kama hupo.

Nifanyeje kliniki ijayo? Wewe ndiye mwenye dawa, niongoze.

Bibi yako, anayekufungia mlango wa nyuma kwa kamba.


8 Machi

Kwako mrembo wa cherehani,

Shikamoo kwanza, nisije nikaambiwa mji umeniharibu. Mpe Shangazi hongera, na mwambie mtoto akifanana na mimi asilie, ndiyo bahati yenyewe.

Mimi niko vizuri kupita kiasi. Chumba changu kiko nyuma ya stoo, nakaa na magunia ya magome, majirani wapole sana, hawakopi chumvi. Jumapili duka likifungwa mji unakuwa mkubwa ghafla. Jumapili iliyopita nilitembea mpaka stendi ya mabasi nikakaa kwenye benchi kutazama abiria wanavyopokelewa. Kuna mwanamke alimpokea mtu kwa kumpiga kofi na kumkumbatia kwa mara moja. Usije ukadhani nilikuwa mpweke. Nilikuwa nafanya utafiti.

Tuje kwa nesi wako. Bibi, usimwambie nesi. Narudia kwa herufi kubwa za moyoni: usimwambie. Hao wakisikia neno mizizi wanaona pembe na tunguri. Watakunyang'anya kopo waende kulipima, kesho wauze siri yangu wao.

Dawa yao ni rahisi. Zikibaki siku nne tano kabla ya kliniki, funga kopo uliweke juu ya kabati. Kunywa vidonge vyao tu. Uingie pale msafi, damu yako haina hata harufu ya jani. Wakuchome kidole, waandike, waridhike. Ukitoka hapo rudi nyumbani, shusha kopo, endelea na raha zako. Kila mtu anafurahi na hakuna aliyedanganywa, maana swali lenyewe wanauliza "nani anatumia," na wewe siku hiyo hutumii.

Ona akili hiyo. Na walisema shule na mimi hatukuelewana!

Kopo la pili linakuja kwa dereva yule yule, mpe pole ya kikohozi.

Wako, mshauri mkuu wa wagonjwa wasiosema.


2 Aprili

Kwako mume wangu mshauri,

Natumaini u mzima. Hapa mvua imeanza na paa linavuja pale pale lilipovuja ulipokuwepo, juu ya kitanda chako, kwa hiyo limeshindwa kumlowesha mtu. Mtoto wa Shangazi anaendelea kukua. Nimeletewa kazi kubwa: gauni la harusi la binti wa mwenye duka la vyombo, la kitambaa kile laini kinachoteleza hata ukikitazama. Nalishona polepole.

Nilifanya kama ulivyosema. Kopo nililiweka juu ya kabati nikaenda kliniki msafi. Wakanichoma kidole. Daktari akatazama karatasi, akatazama kadi, akasema, "Mama, mbona sukari yako inapanda? Vidonge unameza kweli?" Nikasema nameza. Na sikudanganya. Akaniongezea, sasa nameza mara mbili ya zamani.

Nikarudi nyumbani nikashusha kopo.

Sasa nikuulize kama mgonjwa anavyomuuliza daktari wake. Siku hizi kabla ya chakula cha mchana natokwa jasho la baridi, na jua halipo. Mikono inatetemeka mpaka uzi unakataa kuingia tunduni. Njaa inanishika ghafla kama ya mtu aliyelima. Na juzi mteja amesimama mbele yangu nikataka kumwambia kifungo, neno likanitoka kabisa. Nikawa naonyesha kifuani kama bubu. Alicheka, na mimi nikacheka.

Nikila kitu inapita. Je, ndiyo dawa inafanya kazi?

Na mbona unga wa kopo hili ni wa kijani, na ule wa kwanza ulikuwa wa kahawia?

Bibi yako.


15 Aprili

Kwako mke wangu mwenye maswali mengi kuliko hakimu,

Shikamoo. Paa nitaliziba mwenyewe nikija, seremala asilitie mkono wake wa bei mbaya.

Nimesoma barua yako nikapiga kofi. Bibi, hiyo ndiyo dawa inafanya kazi! Hilo jasho unalolilalamikia ni sukari yenyewe inahama. Ilikuwa imekaa kwenye damu bila kibali, sasa imepewa notisi. Mikono kutetemeka ni mishipa inafunguka. Njaa ni ujana unarudi, kaa mbali na wanaume wa rika langu. Na kusahau neno, hata mimi husahau maneno, na nina umri gani?

Rangi ni mambo ya msimu. Majani ya mvua na majani ya kiangazi hayavai nguo moja. Mtu wa kawaida hawezi kulijua hilo, ndiyo maana uliuliza.

Kliniki ijayo fanya vile vile. Wakikuongezea vidonge, pokea, waache wajisikie wana kazi.

Wiki hii Mzee wa Mizani ameniita mbele ya wateja, akaniuliza jambo, nikajibu, duka zima likanyamaza kwa heshima. Sikwambii ni jambo gani, utavimba kichwa.

Niandikie upesi. Barua yako ikichelewa naanza kuongea na magunia, nayo hayanisifu kama wewe.

Ni mimi yule yule, na unga wa kopo la tatu huu hapa.


27 Mei

Mjukuu wangu,

Hujambo? Usiulize kuhusu mwandiko huu. Unapanda na kushuka kama barabara iliyochimbwa, lakini utasomeka ukitulia.

Mtoto wa Shangazi ameanza kujigeuza. Mvua zimepungua. Gauni la harusi halikwenda harusini. Liliungua kidogo wakati wa kulipiga pasi. Bi harusi alikuwa na moyo mzuri, aliazima la dada yake.

Ilikuwa asubuhi. Nilimeza vidonge, nikanywa kijiko chako, nikasema nimalizie pasi ndipo nile. Yaliyofuata nimesimuliwa. Seremala aliona moshi kwenye dirisha la chumba chako, akaingia kwa mlango wa nyuma. Anasema alinikuta nimelala mezani, nimelowa jasho, nanong'ona vitu visivyoeleweka. Alitaka kunipa maji. Mkewe ndiye aliyekimbia akaleta sukari, wakaikoroga, wakanipaka ndani ya shavu mpaka nikaweza kumeza. Sukari, yule adui yangu wa miaka yote, ndiyo iliyonirudisha.

Nililazwa siku chache. Seremala alichukua kopo akampelekea yule nesi mrefu. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, magoti yakafika juu. Akaniuliza nakunywaje, na lini, na lini naacha. Nilipomwambia habari ya kufunga kopo kabla ya kliniki, alifumba macho kidogo.

Akanieleza kwa utaratibu, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Vidonge vyao vinashusha sukari. Baadhi ya majani yanashusha pia. Nilipofika kliniki bila unga, wao waliona sukari iko juu wakafikiri vidonge havitoshi, wakaongeza. Nikarudi nyumbani na vidonge vilivyoongezwa, nikaongeza na unga. Akasema, "Mama, kile kipimo chetu kilimpima mtu mwingine. Yule anayeishi nyumbani kwako hatukuwahi kumwona."

Wamenipunguzia vidonge. Kisha akauliza swali moja tu: ndani ya unga kuna nini? Anasema majani mengine wanayajua, mengine yanagusa figo, mengine moyo, na hawezi kupanga dawa zangu gizani. Anataka orodha, jina kwa jina. Mpaka ajue, nisiuguse unga.

Nimemwambia mjukuu wangu anajua kila jani lililo humo, maana ameubuni mwenyewe. Niandikie majina, nimpelekee.

Bibi yako.


20 Juni

Kwako mke wangu,

Shikamoo na pole, pole, pole tena. Nisamehe kwa kuchelewa. Mashine iliharibika, halafu ikapona, halafu kulikuwa na kazi nyingi, halafu stempu zikaisha posta. Mambo yalifuatana kama siafu.

Mpe seremala na mkewe shukrani zangu. Mwambie ile bawaba nimemsamehe.

Nimefurahi umepona. Sasa umeona mwenyewe unga ulivyo na nguvu! Dawa isiyoweza kumwangusha mtu haiwezi kumwinua pia. Hapa mjini kuna watu wangelipa kwa nguvu kama hiyo. Natania, Bibi. Usikasirike.

Hilo gauni nalo pole. Sikujua kwamba pasi yako inaweza kuunguza kitu, katika maisha yangu yote sijaona ukiunguza hata leso.

Kuhusu majina, mwambie nesi aelewe kwamba kila fundi ana siri ya kazi. Wewe ulipokuwa unakata suti za yule karani mwenye kibiongo, uliwahi kumpa mtu kipimo chake? Basi. Siyo kwamba sitaki. Ni mambo ya duka, kuna utaratibu, nitamuuliza Mzee wa Mizani akiwa na nafasi. Mwambie ni majani mazuri tu, ya kawaida, ya kutoka shambani. Ajue hivyo kwa sasa.

Hapa hali ya hewa ni nzuri. Jumapili nilikwenda tena stendi.

Mwandiko wako wa barabara iliyochimbwa nimeuonyesha mwenzangu anayefunga pakiti, akasema wewe ndiye daktari, maana hausomeki. Tumecheka sana.

Kunywa maji mengi.

Mimi.


1 Julai

Mjukuu wangu,

Hujambo? Shangazi alikuja na mtoto akakaa Jumamosi na Jumapili, akarudi. Mtoto ana macho yako ya kutafuta ugomvi. Walipoondoka nilikaa mlangoni mpaka chai ikapoa.

Umesema mmecheka mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Pasi ilikuwa inawaka nilipolala mezani, na mkono wangu wa kulia ulikuwa chini yake. Sikutaka ujue. Umefungwa bandeji mpaka kiwiko, na vidole viwili havikunjiki. Daktari anasema huenda vitakunjika, huenda havitakunjika. Cherehani nimeifunika kitambaa. Wateja wanapita, wanaona kitambaa, wanaendelea na safari zao. Siku ni ndefu sana kwa mtu ambaye mikono yake imezoea kazi.

Nimekwambia sasa kwa sababu nataka na wewe uniambie.

Nesi amekuja nyumbani kwa miguu yake, akainama mlangoni. Ameuliza tena. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akanitazama, akasema, "Mama, huyu mjukuu wako anakupenda?" Nikamjibu kwa ukali mpaka nikajishangaa. Nikamwambia huyo nimemlea tangu ana meno mawili, hawezi kunipa kitu asichokijua.

Na nikwambie jambo ambalo yeye hajui. Bado nakunywa, kutoka kopo la zamani lililobaki juu ya kabati. Kijiko kimoja, asubuhi tu. Miguu yangu inawaka, mkono unauma, nyumba imenyamaza. Nikifungua kopo, chumba kinanukia kama umeingia sasa hivi na nguo zako za kazini. Vidonge vyao havinukii mtu.

Kama ni kibaya, niambie wewe. Sitaacha kwa neno la mtu asiyekujua. Nitaacha kwa neno lako.

Bibi yako.


9 Julai

Bibi,

Shikamoo.

Najua seremala amekwisha kukujia. Nilipopata barua yako nilikwenda mbele dukani bado nina vumbi, nikamwomba Mzee wa Mizani simu, nikampigia seremala. Nilimwambia aende kwako mbio, achukue makopo yote, na lile la juu ya kabati, ayamwage chooni. Na amwambie nesi kwamba ulikuwa bado unakunywa. Aliniuliza kwa nini. Nikakata. Namba yake alinipa nilipoondoka huko, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeipiga.

Umenitaka neno langu, basi acha. Usinywe tena, hata kwa harufu.

Sasa nikwambie na mengine. Hapa hakuna anayeniita Daktari. Wananiita Vumbi. Kazi yangu ni kumwaga magunia kwenye mdomo wa mashine, na jioni kufagia. Sijawahi kugusa mizani. Siruhusiwi kuvuka kaunta nikiwa na nguo za kazi. Siku ile niliyokwandikia kwamba Mzee aliniuliza jambo duka zima likanyamaza, aliniuliza nimeweka wapi ufagio.

Na watu wanapokuja kununua dawa ya sukari, huyu Mzee kabla hajapima chochote anauliza, "Hospitali wamekupa nini?" Wakisema vidonge, anawaambia waende kwanza wakamwambie daktari wao, warudi na jibu. Wengine wanaudhika wanaondoka, na yeye hajali. Nimekuwa nikimsikia kila siku kupitia uwazi wa mlango tangu wiki ya kwanza. Siwezi kusema sikujua. Nilipokwandikia usimwambie nesi, nilikuwa nimemsikia asubuhi hiyo hiyo. Niliona kwamba ukimwambia nesi, ataniuliza. Akiniuliza, utajua kazi yangu. Na ukijua kazi yangu, barua zako hazitaniita tena mshauri wala daktari, na hapa mjini hakuna mtu mwingine anayeniandikia chochote.

Uliponiuliza kuhusu jasho, sikujua jibu. Nilitunga. Ulikuwa unaniambia unaanguka, na mimi nikakutungia vichekesho.

Halafu mkono wako. Nimekaa na ile barua kwenye magunia. Nimejaribu kuandika jina langu kwa mkono wa kushoto, nimeshindwa.

Nimeomba ruhusa. Mzee amenipa. Nakuja na lori la mbao Alhamisi, nitakwenda mwenyewe kwa huyo nesi nisimame mbele yake, aniulize lolote, hata nimesoma wapi. Lakini hili linalofuata siwezi kukwambia nikikutazama, ndiyo maana nalitanguliza.

Nesi anataka majina. Nilimpelekea Mzee kopo nililokuwa nimebakiza hapa, nikamwomba aniambie kilichomo. Akanusa, akaonja, akatema. Akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akalifunga kopo.

Sikubuni unga wowote, Bibi. Jioni baada ya kusaga, mashine huacha vumbi kwenye kingo na chini yake, la kila kitu kilichopita siku hiyo. Karela, lile tunda chungu la dawa ya sukari, siku moja, mbegu za uwatu siku nyingine, halafu magome ya dawa ya tumbo, ya mgongo, ya wanawake wajawazito, mengine siyajui hata majina kwa sababu gunia huja halijaandikwa. Kazi yangu ni kulifagia nikalimwage shimoni. Mimi nilikuwa nalichekecha kwa kitambaa na kulijaza kopo. Nilitaka kukutumia kitu, na hicho ndicho kitu pekee humu ambacho hakuna aliyekihesabu. Ndiyo maana kila kopo lilikuwa na rangi yake.

Mzee anasema hakuna mtu duniani anayeweza kuandika orodha hiyo. Mwambie nesi asisubiri majina kutoka kwangu. Kutoka Februari mpaka juzi nimekupa kitu ukinywe asubuhi na jioni, na sijui, Bibi. Sijui nilikuwa nakunywesha nini.